Somo: Kujipima VVU Nyumbani



Mkazi wa Mbwera, au wa kijiji kingine humu delta, anapotaka kupima VVU hukutana kwanza na macho ya watu. Chombo hungoja maji yajae, waliomo wote wanajuana, na ataulizwa aendako kabla hajaketi. Huenda muuguzi naye ni shemeji yake. Basi huahirisha, akisema mbona hana homa.

Sheria yetu ya Ukimwi ya mwaka 2008 ilirekebishwa mwaka 2019, na tangu hapo mtu anaruhusiwa kujipima. Kwa kipimo cha kinywani hupangusa fizi ya juu na ya chini, hutia kijiti katika kichupa chake, hungoja dakika 20. Asisome majibu baada ya dakika 40.

Hofu ya kuonekana imeondoka. Imebaki hofu ya kujua, nayo ni kali zaidi kwa sababu sasa hakuna mshauri karibu. Wengi wetu tungali tunaogopa ugonjwa ule uliogunduliwa Kagera mwaka 1983, usio na dawa. Lakini dawa zimetolewa bure nchini tangu mwaka 2004, na anayezitumia vema hata virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Hofu hupotosha hata macho. Sisi walimu tunamjua mwanafunzi anayesoma swali akaona lile alilotamani kuulizwa! Mstari wa pili ukiwa hafifu, bado ni mstari. Hata hivyo mistari miwili si hukumu; ni lazima kwenda kituoni kuthibitisha. Mstari mmoja nao haumtoshi aliyejihatarisha ndani ya miezi mitatu iliyopita, arudie baadaye. Aliyekwisha kuanza dawa za VVU asijipime hivi, maana kipimo chaweza kumdanganya.

Kwa hiyo yafaa kuamua mambo mawili kabla ya kufungua pakiti: nitamwambia nani, na nitakwenda kituoni siku gani. Akili iliyoshtuka haipangi safari ya Kibiti.

Jambo jingine, akina baba: kumwekea mke kipimo mezani na kumwamuru ajipime sasa hivi ni kumlazimisha, wala si kumpenda. Kaeni, mzungumze kwanza.

Kabla ya kikao kijacho, kila mmoja ajiulize kimoyomoyo: mtu wangu wa kumwambia ni nani? Jina lisiandikwe.