Mwenye Mbwa na Jirani Zake

Somo la mwezi wa Septemba. Kabla ya kuanza, someni Kutoka 21:28–32.

Ndugu wapendwa, huenda wengine mkashangaa kukuta somo la mbwa katika kurasa ambazo mwezi hata mwezi twasoma habari za Ubatizo na Kipaimara. Lakini nyumba nyingi za mtaa wetu zina mbwa, na Jumapili wengine huwafuata wenyewe mpaka mlangoni pa kanisa. Tena tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na siku 6 baadaye, tarehe 4 Oktoba, twamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye wengi humjua kwa jinsi alivyowapenda viumbe. Si vibaya siku hizo mbili kuziweka pamoja.

Katika sura mliyoisoma imetolewa sheria ya ng'ombe apigaye watu pembe. Angalieni jinsi sheria ile inavyotenganisha watu wawili. Wa kwanza ni yule ambaye ng'ombe wake hakujulikana kuwa mkali. Mnyama atauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Wa pili ni yule aliyekwisha kuambiwa habari za ng'ombe wake, naye asimzuie. Huyu wa pili damu iko juu yake. Mbwa hatajwi pale, lakini sioni kwa nini hukumu iwe nyingine. Mnyama hawezi kujibu kwa aliyoyatenda. Anayeweza kujibu ni yule anayemlisha. Na baada ya somo hili hakuna hata mmoja wetu atakayesema hakuambiwa.

Kichaa

Tuanze na lililo kubwa. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia katika jeraha hupita polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kuufikia ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi 2 au 3, pengine wiki chache tu, na mara moja moja hata mwaka. Hapo ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Mtoto ameumwa, jeraha limefunga, anacheza na wenzake, basi mioyo ikatulia. Lakini dalili zikisha kutokea, yaani kuogopa maji, kuweweseka, kukakamaa, hakuna daktari awezaye kumrudisha. Karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa hivyo kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila 10 wapata 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Watoto ndio wanaocheza nao, na kwa kuwa ni wafupi huumwa usoni na kichwani, mahali ambapo njia ya kwenda kwenye ubongo ni fupi.

Haya yote yanatokea ingawa kinga ipo tangu zamani. Mwezi wa Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja kijana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo sababu siku hiyo ikachaguliwa.

Kazi ya mwenye mbwa ni moja: amchanje. Kwa kawaida mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Bwana mifugo akija na kampeni ya kuchanja, msiwaache nyumbani watoto wa mbwa kwa kudhani ni wadogo mno. Wapelekeni, maana hao ndio watoto wa watu wanaowabeba mchana kutwa. Wataalamu wanasema kwamba katika kila mbwa 10 wa mahali wakichanjwa 7, ugonjwa hukosa njia ya kuenea na hufa wenyewe. Ushahidi hauko mbali. Katika kisiwa cha Pemba kichaa kilikomeshwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikarudiwa, na mwaka 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Basi kinakomesheka, ila hakingoji watu waliolegea.

Mtu akiumwa, hata kama ni mkwaruzo mdogo wa jino, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko mtu anavyodhani, tazameni saa. Msitie majivu, wala pilipili, wala majani yaliyotwangwa. Kisha mtu aende hospitali siku ile ile, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Zile sindano nyingi za tumboni ambazo wazee wetu walizisimulia kwa hofu zimekwisha kuachwa. Siku hizi ni chache, nazo huchomwa begani. Jeraha likiwa kubwa huongezwa dawa nyingine inayodungwa kulizunguka jeraha lenyewe. Tarehe zote alizoandikiwa zitimizwe, hata kama nauli ni taabu. Hapa kikundi cha Umoja wa Mama kinaweza kusaidia kuliko maneno mengi ya pole.

Na mbwa aliyeuma je? Wengi hukimbilia rungu. Ikiwa anafahamika na aweza kufungwa salama, afungwe na kuangaliwa siku 10, na bwana mifugo aarifiwe. Mbwa aliyekuwa na virusi katika mate yake siku alipouma ataugua na kufa katika muda huo. Akibaki mzima, daktari anaweza kuzisimamisha sindano.

Neno moja zaidi, maana limewaponza watu. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia huku na huku akiuma. Yuko anayekaa kimya gizani, taya limelegea, mate yakimtoka, hawezi kumeza. Mwenyewe humhurumia, hudhani mfupa umemkwama kooni, akamtia mkono mdomoni. Msifanye hivyo kamwe.

Twasoma katika Luka 16 kwamba mbwa waliviramba vidonda vya Lazaro. Ni habari ya kutuonyesha jinsi maskini yule alivyoachwa na watu; si mafundisho ya tiba. Kidonda kilichorambwa na mbwa kioshwe.

Minyoo

Tumbo kubwa la mtoto wa mbwa wengi hulidhani ni shibe. Mara nyingi ni minyoo. Minyoo humwingia angali tumboni mwa mama yake, na mingine humpata katika maziwa. Kwa hiyo dawa haingoji akue: ianze akiwa na wiki 2, irudiwe kila wiki 2 mpaka aache kunyonya, halafu kila mwezi mpaka atimize miezi 6, na mama yake apewe pamoja naye. Baada ya hapo mara moja kila miezi 3 yatosha. Dawa hupimwa kwa uzito wa mbwa, basi msigawe kidonge kimoja kwa mbwa watatu kwa kuona huruma ya fedha.

Lakini dawa peke yake ni nusu ya kazi. Mayai ya minyoo hutoka katika mavi, na yale ya minyoo mirefu ya mviringo hayawezi kumdhuru mtu siku ile yatokapo. Huhitaji kukaa katika udongo wiki 2 au zaidi ndipo yakomae. Yakisha kukomaa huweza kuishi humo miaka. Ndiyo kusema mavi yakizolewa leo hayana madhara hayo, na yakiachwa mpaka mwezi ujao uwanja mzima umeharibika. Yazolewe kila siku, yatupwe katika choo cha shimo au yafukiwe mbali na bustani ya mboga na mahali wachezapo watoto. Mtoto atiaye udongo kinywani humeza mayai hayo, na minyoo midogo hutangatanga katika ini, mapafu, na hata jicho, pengine ikamharibia macho. Safura ya mbwa hupita katika ngozi ya mguu mtupu, ikichora mistari inayowasha usiku kucha. Nayo hupenda sana mchanga wenye unyevu, kama huu wetu wa pwani.

Yuko tegu mmoja wa mbwa, mfupi kuliko punje ya mchele, ambaye udogo wake usiwadanganye. Kwa jirani zetu wa Kenya, katika nchi ya Turkana, aliwatesa watu kuliko karibu mahali pote duniani, hata Shirika la AMREF likaanza kazi ya kupambana naye mwaka 1983. Mbuzi au kondoo huwa na vifuko vya maji katika ini na mapafu. Mbwa hula nyama hiyo mbichi, tegu humea ndani yake, mayai hutoka na mavi na kushika katika manyoya, na mtu ayamezapo huota vifuko vile vile katika ini lake, hata tumbo likavimba kama la mja mzito. Dawa yake kubwa mara nyingi ni kisu cha daktari. Kwa sababu hiyo, Krismasi na Pasaka tunapochinja nyumbani, mapafu na maini yenye malengelenge yasirushiwe mbwa. Yachomwe, au yafukiwe kina kirefu asichoweza kufukua.

Viroboto na kupe

Viroboto unaowaona mgongoni mwa mbwa ni sehemu ndogo tu ya jeshi. Mayai yao hudondoka, na wadogo hukua katika nyufa za sakafu na katika gunia analolalia. Ukimwosha mbwa ukaacha gunia, umefanya kazi ya bure. Gunia lifuliwe na kuanikwa juani, sakafu ifagiwe mpaka pembeni. Vile vipande kama mbegu za tango vinavyoonekana nyuma ya mbwa ni tegu mwingine, ambaye mbwa humpata kwa kumeza viroboto. Kwa hiyo mwenye kumaliza viroboto amemaliza na tegu huyo.

Kupe waangaliwe kila jioni, hasa masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia. Ashikwe karibu na ngozi kwa kibanio, avutwe polepole, wala asipasuliwe kwa kucha. Jike mmoja aliyeshiba aweza kutaga mayai kwa maelfu katika ufa wa ukuta, na homa anazoleta humfanya mbwa afifie, ufizi ukawa mweupe, akafa huku mwenyewe akisema amerogwa. Wengine hupaka oili chafu ya gari au mafuta ya taa. Hiyo ni sumu, tena mbwa hujiramba. Dawa ya josho nayo imepimwa kwa ng'ombe. Asipewe mbwa bila bwana mifugo kuonyesha kipimo chake. Na dawa ya mbwa msimpake paka, maana ziko zinazomwua.

Jirani

Sasa twarudi kwa jirani, ambaye hakuomba mbwa huyo awepo. Tunaishi pamoja na ndugu Waislamu, na wengi wao hapa pwani ni wa madhehebu ya Shafii. Kwao mate ya mbwa na majimaji yake ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Fikirini mtu ametoka alfajiri kwenda msikitini, kanzu safi, na mbwa wetu akamrukia kwa furaha. Sisi twaita, "Haumi huyo!" Lakini shida yake si kuumwa. Lazima arudi nyumbani, na sala ya jamaa imempita. Kumcheka ni aibu kwetu. Mbwa azuiliwe ndani ya ua saa za watu kupita, na asiachwe kunywa katika ndoo za watu bombani.

Kumzuia si kumfunga mnyororo wa futi 3 juani toka asubuhi hadi usiku. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali, na ukali huo tumemfundisha sisi. Apewe kivuli, maji safi kila siku, na chakula chake mwenyewe, ugali na dagaa au chochote kilichopo nyumbani, asije akaishi kwa jalala la jirani. Kumtesa mnyama ni kosa mbele ya Serikali pia, kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Jambo la mwisho ni watoto wa mbwa wanaotiwa katika gunia na kwenda kutupwa sokoni usiku. Tuseme wazi kwamba mbwa koko tunaowalalamikia walitoka katika nyumba zetu. Asiyetaka watoto wa mbwa amwite daktari wa mifugo amhasi mbwa wake, dume au jike.

Maswali kwa vikundi

Nani kati yenu ajua tarehe ya chanjo ya mwisho ya mbwa wake bila kwenda kutazama cheti? Mbwa wanaolala sokoni, wasio na mwenyewe, nani atawapeleka kuchanjwa siku bwana mifugo atakapokuja? Na ikiwa Kutoka 21 inamhesabia hatia mtu aliyeonywa, je, jirani aliyeziona dalili kwa mbwa wa mwenzake, akanyamaza ili asigombane naye, ana fungu gani?