Kufundisha Mashine Rahisi kwa Kuunda Baiskeli ya Mazoezi ya Kusimama

Makala haya yamekusudiwa mwanachuo anayejiandaa kufundisha mada ya mashine rahisi katika shule za Njombe na Makambako, pamoja na mkufunzi atakayemsimamia. Mada hii kwa kawaida hufundishwa kwa wingi wa maneno na uhaba wa vitendo. Mwanafunzi hukariri aina tatu za nyenzo, huchora egemeo, mzigo na jitihada, hupata alama zake, na jioni hiyo hiyo husukuma mlimani baiskeli yenye gunia la viazi pasipo kuona uhusiano wowote baina ya mambo hayo mawili. Hasara hiyo si ndogo. Miguu ya mtoto huyo inajua mengi ambayo mwalimu anamfundisha kana kwamba hayajui, naye huishia kuamini kwamba fizikia ni habari za mahali pengine.

Njia ninayoipendekeza ni kulipa darasa kazi moja ya usanifu, itakayochukua vipindi sita au saba: kuunda chombo kisichokwenda popote, ambacho mtu atasimama juu yake na kukanyaga pedali kwa ajili ya mazoezi ya mwili. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai baridi ni kali, na alfajiri nyingine sakitu hutanda majanini. Mchakamchaka nyakati hizo huwa ni adhabu kuliko mazoezi, na wakati wa masika njia hazifai. Kwa hiyo chombo cha ndani kina kazi yake. Nimechagua cha kusimama kwa sababu anayesimama hukanyaga kwa uzito wa mwili wake, na uzito ni kani ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuipima.

Kabla ya kuchora chochote, wanafunzi watazame mashine tatu wanazozifahamu. Ya kwanza ni cherehani ya miguu. Waulizwe: kwa nini fundi huanza kwa kulisukuma gurudumu kwa mkono? Wamwendee barazani, waombe ruhusa, watazame. Wataona kwamba fimbo inayounganisha ubao wa kukanyagia na gurudumu ikielekea moja kwa moja kwenye ekseli, mguu waweza kusukuma hadi kuchoka na gurudumu lisizunguke. Mahali hapo tupaite mahali pafu. Ya pili ni baiskeli ya mnoa visu, ambayo huegeshwa kwenye stendi na mwenyewe akaizungusha akiwa amekaa, jiwe likazunguka kwa mkanda. Ya tatu ni pampu ya kukanyaga ya wakulima wa bustani. Pampu za namna hii zilienea kutoka Bangladesh mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikiundwa kwa mianzi na mabomba. Huku kwetu Afrika Mashariki, shirika la ApproTEC, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 na baadaye kuitwa KickStart, lilianza kuuza pampu ya MoneyMaker mwaka 1996. Mwenye pampu husimama juu ya vikanyagio viwili na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kati ya mashine hizi tatu, hiyo ndiyo ndugu wa karibu wa chombo chetu. (Mianzi tunayo, wazee wa Njombe watacheka kusikia kwamba ina matumizi mengine mbali na ulanzi.)

Vifaa havina ugumu. Makambako, mahali reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya Njombe na Songea, fundi baiskeli mwenye fremu iliyopinda, cheni na ringi kuukuu hatafutwi kwa siku nyingi. Mbao za msindano kwa ajili ya kitako zinapatikana Njombe kote.

Jaribio la msingi lifanyike kabla ya kukata ubao wowote. Baiskeli iinuliwe juu ya mabenchi mawili na kushikiliwa imara. Mkono wa pedali ulale sawa na ardhi, ukielekea mbele, na kwenye pedali lining'inizwe dumu la lita 10 lililojaa maji. Kwenye ukingo wa ringi ya nyuma ifungwe kamba, na kamba ishikwe na mizani ya kuning'iniza. Kabla ya dumu kuachiwa, kila mwanafunzi aandike kilo ngapi mizani itasoma. Mwalimu asikipuuze kipengele hiki. Wengi wataandika zaidi ya 10, kwa kuwa wamefundishwa kwamba mashine huongeza nguvu.

Tuseme mkono wa pedali una sentimeta 17, ringi ina nusu kipenyo cha sentimeta 33, gurudumu la meno la mbele lina meno 48 na la nyuma 18. Jawabu ni 10 mara 17 gawanya kwa 33, mara 18 gawanya kwa 48, yaani kilo 1.9 hivi, na msuguano utapunguza kidogo. Darasa litashangaa, na mshangao huo ndio mlango wa somo. Sasa wapime mwendo: pedali ikizunguka mara moja husafiri sentimeta 107, na ukingo wa ringi husafiri sentimeta 553. Kani imepungua mara tano na ushei. Mwendo umeongezeka mara tano na ushei. Baiskeli haikutoa zawadi wala haikuiba.

Kisha mkono wa pedali uhamishwe kama mshale wa saa. Ukiwa kwenye tarakimu ya 3, mizani husoma kilo 1.9, kwenye 2, karibu 1.7; kwenye 1, nusu ya ile ya kwanza; kwenye 12, sifuri. Mahali pafu pa cherehani pamejitokeza tena, na safari hii pana vipimo. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja juu ya pedali hukanyaga kwa nyutoni 600. Mkono ukiwa umelala, momenti yake ni nyutonimeta 102. Mkono ukiwa wima, uzito wake wote haufui dafu.

Hapa ndipo usanifu wenyewe unapoanza, nami nashauri mwalimu akae pembeni. Ili chombo kizunguke kwa ulaini, ringi huongezewa uzito: nondo ya milimita 8 ikikunjwa mizunguko mitano ndani ya mfereji wa ringi na kufungwa kwa waya, huongeza karibu kilo 4, na tairi ikivishwa juu huizuia isiruke. Lakini baiskeli ya kawaida ina friwili: gurudumu la nyuma huweza kuendelea kuzunguka pedali zikiwa zimetulia. Basi gurudumu zito litaendelea na safari yake lakini halitaisaidia miguu kupita mahali pafu. Friwili ikiondolewa na meno yakafungwa moja kwa moja kwenye gurudumu, miguu itabebwa vizuri kama fundi cherehani anavyobebwa. Ila mkanyagaji akitaka kusimama ghafla, au unyayo ukiteleza, pedali haitamngoja; itampiga muundi au kumrusha mbele.

Ulaini uko upande mmoja na usalama upande mwingine, na hakuna kitabu kitakachomwamulia mwanafunzi. Darasa ligawanywe, kila upande utetee uchaguzi wake kwa vipimo. Kwa maoni yangu, chombo cha shule kibaki na friwili, na mkanyagaji ajifunze kupita mahali pafu kwa kuhamisha nyonga na kuutanguliza mguu wa pili mapema. Lakini darasa likitetea vyema meno ya kufunga, likabuni na breki ya kushika haraka, mwalimu asilikatalie kwa kuwa tu jawabu si lake.

Kitako nacho kina hesabu. Anayekanyaga kwa kusimama huyumba kulia na kushoto, na kitovu cha uzito wake huwa karibu sentimeta 120 juu ya sakafu. Stendi ya baiskeli ni nyembamba mno; kitako cha upana wa sentimeta 60 kinafaa, na urefu usipungue mara mbili ya huo. Usukani uweze kupandishwa na kushushwa, kwa kuwa darasani kuna warefu na wafupi. Cheni ifunikwe kabisa. Pasipo kifuniko, sketi ya msichana itanaswa siku ya kwanza, na tangu hapo wasichana watakuwa waandishi wa matokeo huku wavulana wakipanda. Nimeona hali hiyo katika mazoezi mengi ya ufundishaji, na chanzo chake mara nyingi ni kipande cha bati kilichosahauliwa.

Breki ya kuongeza ugumu ni kipande cha mbao chenye ngozi, kinachobanwa kwa bolti. Isibanwe mno. Mtu mzima mwenye afya huweza kudumu kwa wati 75 hivi. Akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ukingo wa ringi huenda karibu mita 5.5 kwa sekunde, na msuguano unaotosha kummalizia wati hizo haufiki nyutoni 14, chini kidogo ya uzito wa kilo moja na nusu ya sukari. Mwanachuo aliyewasili karibuni kutoka pwani aanze na breki ikiwa imelegea: mgandamizo wa hewa ya Njombe ni kama asilimia 80 ya ule wa baharini, naye atahema kabla ya wenyeji.

Kupima uelewa, mwalimu asiulize aina za nyenzo. Ampe kila mwanafunzi pedali yenye mkono wa sentimeta 15 badala ya 17, amtake aandike, kabla ya kuifunga, ni nini kitakachobadilika kwa mkanyagaji mfupi na nini kwa mzani ulio kwenye ringi. Kisha waifunge na kupima.