Ahadi ya Mungu na Shamba la Viazi

SWALI: Mimi ni mjane wa Uporoto, Mbeya, mama wa watoto watatu. Mwaka jana mhubiri mmoja mpita njia alitufundisha kuwa Mungu ni mwaminifu, na atoaye mbegu madhabahuni huvuna maradufu. Nikakopa katika kikoba chetu, nikatoa. Ukungu ukala viazi vyangu vyote. Nilipomwuliza, akasema imani yangu ni pungufu, nitoe tena. Deni lipo, watoto hawana sare, na nikisali sisikii kitu. Je, Mungu si mwaminifu, au ni mimi niliyekosa?

JAWABU: Pole sana, binti yangu. Barua yako imenifikia hapa Iringa, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Hukukosa imani. Mtu akopaye ili amtolee Mungu, ilhali ghala lake ni tupu, hawezi kuambiwa kuwa hana imani; aliyekosa ni yule aliyeigeuza ahadi ya Mungu ikawa muamala wa sokoni, kisha, biashara ilipoharibika, akakubebesha wewe hasara na lawama pamoja.

Katika Maandiko uaminifu wa Mungu haukupata kuwa dhamana ya mavuno. Nabii Habakuki alitaja mashamba yasiyotoa chakula na mazizi yasiyo na mifugo, wala hakuyafanya ushahidi wa kumshitaki Mungu au kujishitaki mwenyewe. Ibrahimu aliitwa akiwa na umri wa miaka 75, akampata Isaka akiwa na miaka 100. Na katikati ya miaka hiyo 25 mna njaa, mna safari ya Misri, mna hata uongo aliousema kwa hofu, na ahadi haikufutwa kwa udhaifu wake. Aliyeahidi hakujiondoa, na hiyo ndiyo maana ya neno uaminifu.

Lakini huna haja ya kwenda mpaka Kanaani. Jirani yako ipo Rungwe, walikofika Wamoravian mwaka 1891. Mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka upande wa Nyasa, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kadhalika kule Kidugala, kwa ndugu wa misheni ya Berlin. Waliobaki ni walimu na wazee wa kanisa, aghalabu watu wasiowekewa mikono, ambao jirani zao walitwaliwa kubeba mizigo ya vita, na kisha, mwaka 1918, ukaja ugonjwa wa mafua. Sina shaka kwamba walisali kama wewe, na wengi wao wakanyamaziwa kama wewe. Hata hivyo wakaendelea kukusanyika Jumapili, wakafundisha watoto kusoma, wakazika wafu wao, Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakija kuwaangalia kwa kadiri walivyoweza. Na Wamoravian waliporudi katikati ya miaka ya ishirini, wakalikuta kanisa lipo. Hao hawakupewa maradufu ya kitu chochote. Walipewa wenzao wa kusali nao, na nguvu ya kuamka kesho yake, nami nauona uaminifu wa Mungu hapo kwa uwazi kuliko katika gunia lolote la viazi.

Basi, kwa huyo mhubiri usitoe tena hata senti moja. Siku ya kikoba, simama mbele ya wenzako, uwaeleze deni lote pasipo kuficha, uombe kulipa kidogo kidogo; umaskini haumvunjii mtu heshima, bali kukimbia wadai humvunjia. Kisha mwendee mchungaji wako umweleze habari yote, maana huenda hukuwa mjane peke yako katika mkutano ule. Mwalimu mkuu naye aambiwe juu ya sare, asije akawadhania watoto utoro.

Na usikiapo kimya katika sala, usijilazimishe kusikia sauti. Isome Zaburi ya 13 kwa sauti yako mwenyewe: ni malalamiko ya mtu aliyejiona amesahauliwa na Mungu, nayo imewekwa ndani ya Maandiko, wala hakuna aliyeitoa.

Uyole haiko mbali nawe. Kabla hujapanda tena, nenda katika kituo cha utafiti wa kilimo, uulize mbegu za viazi zinazostahimili ukungu, kisha uniandikie walivyokujibu.