Laini Iliyosajiliwa kwa Jina Lako Usiyoijua

Tangu tarehe 1 Mei 2019, laini za simu nchini husajiliwa kwa alama ya kidole na Namba ya Utambulisho wa Taifa. Mkazi anayesajili laini kwa wakala wa mwavuli, pengine siku ya gulio Tengeru, akiambiwa mtandao unasumbua arudie kidole, hana budi kuuliza sababu. Wakala asiye mwaminifu huweza kutumia mguso huo kusajili laini ya pili. Ikitumika kutapeli, anayetafutwa ni mwenye kitambulisho.

Kuhakiki ni kazi ya dakika moja: hupigwa *106#, kisha huangaliwa namba zilizosajiliwa. Mwenye laini za mitandao miwili ahakiki kwa kila mmoja. Namba asiyoitambua airipoti katika duka la mtoa huduma, akiwa na kitambulisho, ifungwe. Ujumbe ule mashuhuri wa “ile pesa itume kwenye namba hii” hupelekwa 15040.