Pakiti Moja, Maji Lita Moja
Kijitabu cha kumhudumia mtoto anayeharisha nyumbani

Shika hili kwanza

Pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari), maji lita moja. Hata usiposoma kurasa nyingine, usilisahau hili.

Watoto wengi tunaoletewa kituoni wakiwa hoi wamekwisha kunyweshwa ORS nyumbani. Mama mmoja amemimina nusu pakiti kikombeni. Mwingine ametia pakiti nzima kwenye nusu lita "ipate nguvu". Mwingine amejaza maji jagi zima ili pakiti moja itoshe watoto watatu. Wote wanajibu, "Nimempa."

Kupima

Chukua chupa mbili za maji zilizoandikwa mililita 500. Mbili hizo ndizo lita moja. Angalia sana: ile chupa kubwa ya dukani mara nyingi ni lita moja na nusu! Soma pia pakiti yenyewe, kwani zipo ndogo za nusu lita au mililita 200; hizo fuata maandishi yake. Kama hujui kusoma namba hizo, mwombe muuza dawa akuonyeshe kabla hujatoka dukani.

Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Mimina unga wote. Usigawe pakiti, kwa sababu chumvi na sukari hazijigawi sawasawa. Usiongeze sukari. Usiongeze chumvi. Usichanganye na soda, maziwa wala juisi. Usichemshe baada ya kuchanganya. Funika. Yakibaki baada ya saa 24, mwaga uchanganye mengine.

Pakiti moja, maji lita moja.

Kwa nini nasisitiza hivyo

Utumbo kwa ndani umejaa seli, chembe hai ndogo mno, na kila seli imezungukwa na utando. Utando huo haupitishi vitu ovyo. Chumvi na sukari zikifika pamoja, huzipitisha pamoja, na maji huzifuata kuingia mwilini. Kwa hiyo sukari haikutiwa ili kumbembeleza mtoto. Hata kipindupindu hakiizibi njia hiyo.

Sasa zidisha unga. Umewahi kunyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari? Maji hutoka yenyewe. Ndivyo maji yanavyovutwa kutoka mwilini mwa mtoto kuingia utumboni: anaharisha zaidi, chumvi inazidi kwenye damu, na anaweza kupata degedege. Ukizidisha maji nako, anakunywa tumbo linajaa huku chumvi aliyopoteza hairudi.

Kumnywesha

Chini ya miaka miwili: robo hadi nusu kikombe kikubwa kila anapoharisha. Miaka miwili na zaidi: nusu hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko au kwa mafunda madogo madogo, si kwa chupa ya chuchu. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.

ORS haifungi tumbo. Inarudisha maji. Usiiache kwa sababu "bado anaendesha".

Ziwa la mama

Endelea kunyonyesha, usiku na mchana.

Chakula

Anayekula apewe chakula. Kumlaza njaa ili "tumbo lipumzike" ni kumdhoofisha.

Zinki

Kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku, kwa siku 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha. Aliye chini ya miezi sita apewe nusu kidonge.

"Anaota meno"

Meno hayaharishi. Na anayekwambia mtoto ana meno ya plastiki, yang'olewe, mkimbie.

Kama pakiti hakuna

Maji safi lita moja, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Sawazisha kila kijiko kwa kisu. Usikadirie kwa macho wala kwa kiganja. Hii ni ya kuvukia tu wakati mwenzako anafuata pakiti.

Wanaotaka dripu

Wapo wanaodai dripu na kuidharau pakiti. Mwaka 1971, kambini Bongaon nchini India, kipindupindu kiliwavamia wakimbizi na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa. Kati ya kila wagonjwa 100, waliokufa hawakufika wanne. Narudia: yaliyopimwa.

Usingoje kesho

Peleka kituoni mara moja ukiona macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu, analegea, haamki vizuri, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, choo kina damu, au choo kinatoka kama maji ya mchele, kingi, mfululizo. Hicho cha mwisho huweza kumuua hata mtu mzima kwa saa chache.

Njiani endelea kumnywesha kama anaweza kumeza. Ukifika, mwambie mhudumu ulichanganya pakiti ngapi kwa maji kiasi gani. Kama ulikosea kipimo, sema. Hatutakugombeza; tunataka kujua tuanzie wapi.