Ujasusi wa kijeshi: Rafiki wa jana ndiye anayejua mlango wa nyuma

MWISHONI mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake wa Gatuna, njia kuu ya kwenda Uganda. Karibu miaka mitatu ikapita kabla ya mpaka huo kufunguliwa tena Januari 31, 2022. Wafanyabiashara wa pande zote mbili waliumia, na familia zenye ndugu ng'ambo ya mpaka zikashindwa kutembeleana.

Mtu wa Kahama au Ushirombo anaweza kudhani jambo hilo halimhusu. Linamhusu. Bandari ya nchi kavu ya Isaka, hapa mkoani Shinyanga, ni moja ya milango ya Rwanda ya kupitishia mizigo ya baharini. Malori yanayotoka hapo hupita Kahama, huingia mkoa wa Geita kwa upande wa Bukombe, kisha Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo. Jirani akikosana na jirani, barabara yetu ndiyo ya kwanza kusikia.

Swali la kujiuliza ni hili: nchi mbili ambazo viongozi wao walipigana vita bega kwa bega zilifikaje mahali pa kufungiana milango? Sehemu kubwa ya jibu imo katika idara za ujasusi wa kijeshi, na katika namna idara hizo zinavyojigeuza pale urafiki wa mataifa unapogeuka.

Kwanza tuelewane. Ujasusi wa kijeshi ni mkono wa jeshi unaokusanya habari: adui ana askari wangapi, nani anampa silaha, nani atamuunga mkono vita ikianza. Mkono huo huo hulinda jeshi lisipenyezwe na watu wa nje. Uganda inayo idara iliyojulikana kwa miaka mingi kwa kifupi cha CMI, na Rwanda inayo ya kwake inayojulikana kama DMI. Urafiki ukiwapo, idara hizi hupeana habari. Urafiki ukivunjika, hutumia dhidi ya mwenzake kila kilichojulikana wakati wa urafiki.

Walikulia nyumba moja

Februari 6, 1981 Yoweri Museveni na kundi dogo la wenzake walishambulia kambi ya kijeshi ya Kabamba nchini Uganda. Miongoni mwao walikuwamo vijana wawili wa familia za wakimbizi wa Rwanda, Fred Rwigyema na Paul Kagame. Januari 1986 kundi hilo, likiwa sasa jeshi kamili, liliiteka Kampala. Rwigyema akapanda hadi kuwa naibu waziri wa ulinzi, na Kagame akawa miongoni mwa maofisa wakuu wa ujasusi wa kijeshi wa Uganda.

Oktoba 1, 1990 Wanyarwanda waliokuwa ndani ya jeshi la Uganda waliondoka na silaha zao wakaivamia Rwanda. Rwigyema aliuawa siku iliyofuata. Kagame, aliyekuwa masomoni katika chuo cha kijeshi cha Fort Leavenworth nchini Marekani, alirudi kuongoza vita hiyo. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari, jeshi lake liliingia Kigali.

Tafakari maana ya historia hiyo. Watu waliokuja kujenga ujasusi wa Rwanda walijifunzia kazi ndani ya ujasusi wa Uganda. Walijua idara ile inavyofanya kazi, nani anamwamini nani, na amri inapita kwa nani. Waganda nao waliwajua wao vivyo hivyo. Hili ndilo somo la kwanza: mkataba wa urafiki huweza kuvunjwa kwa siku moja, lakini maarifa yaliyopatikana ndani ya urafiki hayarudishwi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wasomaji wanaoijua Sira wataikumbuka vita ya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Makureishi, Ghatafan na Banu Quraydha walikuwa wameungana dhidi ya Madina. Nu'aym bin Mas'ud wa kabila la Ghatafan alikuwa amesilimu bila watu wake kujua. Aliwaendea Banu Quraydha, kisha Makureishi, kisha watu wake wa Ghatafan, akatia shaka baina yao mpaka muungano ukafarakana. Aliweza kwa sababu kote huko alipokelewa kama rafiki wa zamani.

Congo: adui wa jana aajiriwa

Mwaka 1996 Rwanda na Uganda zilimuunga mkono Laurent Kabila kumwondoa Mobutu, na Mei 17, 1997 Kinshasa ikaanguka. Ofisa wa Rwanda, James Kabarebe, akawa mkuu wa majeshi wa Congo. Ni nadra sana nchi kumkabidhi ofisa wa jirani jeshi lake zima, pamoja na siri zake zote. Julai 1998 Kabila alimwondoa Kabarebe na kuwaamuru askari wa Rwanda waondoke. Agosti 2 vita mpya ikaanza mashariki, na siku chache baadaye Kabarebe huyo huyo aliongoza kikosi kilichosafirishwa kwa ndege kutoka Goma hadi kambi ya Kitona, upande wa pili wa nchi, kwa lengo la kuiteka Kinshasa.

Kabila alifanya nini? Aliziita Angola, Zimbabwe na Namibia. Kisha akawachukua mabaki ya jeshi la zamani la Rwanda na Interahamwe, wale wale aliowapiga mwaka 1996 na 1997, akawapa silaha. Somo la pili ni hilo. Pale muungano unapogeuka, adui wa jana hupata thamani mpya, kwani anamjua mtu unayepigana naye na ana kisasi naye.

Kwa upande wa Rwanda, kikosi cha Kitona kilishindwa. Kilichokishinda hasa ni Angola. Mwaka 1997 Angola ilisaidia kumwondoa Mobutu kwa kuwa Mobutu alikuwa rafiki wa waasi wa UNITA. Mwaka 1998 haikutaka vurugu mpya Kinshasa ambazo zingewafungulia UNITA mlango. Maslahi ya Angola hayakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni upande ambao maslahi hayo yaliiweka. Basi jasusi anayehesabu bunduki za adui peke yake, bila kusoma maslahi ya rafiki, anafanya nusu ya kazi.

Dhahabu inapoingia kati

Uganda na Rwanda ziliingia vita ya 1998 pamoja, lakini hazikukaa pamoja. Kila moja ililea kundi lake la waasi. Kundi la RCD lilipasuka: upande wa Goma ukabaki na Rwanda, na upande wa Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukaegemea Uganda. Agosti 1999 majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Yakarudia Mei 2000, na tena kwa siku sita mwezi Juni. Raia kwa mamia waliuawa katika mji usio wa Uganda wala wa Rwanda.

Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti zao za 2001 na 2002, walieleza jinsi maofisa wa majeshi hayo walivyozama katika biashara ya dhahabu, almasi na madini mengine ya Congo. Msomaji wa Geita haoni ugumu kulielewa hili. Watu huchimba duara moja kwa miezi, wakagawana jasho na chakula, wakafarakana siku ya kugawana mawe. Somo la tatu: idara inayotakiwa kuishauri serikali kuhusu marafiki na maadui ikishakuwa na mgodi wake, ushauri wake huanza kufuata mgodi. Uganda ilikuja kulipia. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru iilipe Congo dola milioni 325.

Anabadilishwa mtu

Urafiki haukuacha kuzunguka. Januari 2009 Rwanda na Congo, mahasimu wa muongo mzima, ziliendesha operesheni ya pamoja, na Rwanda ikamkamata Laurent Nkunda, kiongozi wa waasi aliyekuwa akitajwa kuwa mtu wake. Miaka mitatu baadaye likazuka kundi la M23, na Rwanda na Congo zikawa maadui tena.

Baina ya Kampala na Kigali, mgogoro uliofunga Gatuna ulikuwa wa majasusi waziwazi. Rwanda ililalamika kwamba raia wake wanakamatwa na CMI na kuteswa, na kwamba Uganda inawahifadhi wapinzani wake. Uganda nayo ilidai Rwanda imepenyeza watu katika vyombo vyake vya usalama. Kumbuka walikulia nyumba moja. Kila upande ulikuwa na sababu ya kuogopa, na kwa hofu hiyo mfanyabiashara wa kawaida akaitwa jasusi kwa sababu ya lafudhi yake.

Angalia ulivyotulizwa. Januari 22, 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais Museveni, alikwenda Kigali kuonana na Rais Kagame. Siku tatu baadaye mkuu wa CMI, Jenerali Abel Kandiho, aliondolewa katika nafasi hiyo. Mwisho wa mwezi mpaka ukafunguliwa. Somo la nne: dola ikigeuza urafiki, mara nyingi haitangazi sera mpya. Inambadilisha mtu, na anayehusika anaelewa ujumbe.

Na sisi je?

Tanzania nayo haiko nje ya mzunguko huu. Mei 2013 Rais Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, na Kigali ikakasirika. Mwaka huo huo askari wetu walikuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoipiga M23. Wakati huo huo ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilisema inawaondoa wahamiaji haramu na majambazi. Lakini wapo waliolalamika kwamba wameishi hapa miongo mingi, wameoa na kuolewa hapa, na familia zao zimetenganishwa. Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua pamoja daraja na kituo cha mpaka cha Rusumo, wakiitana marafiki. Ni miaka mitatu tu. Waliotenganishwa na watoto wao mwaka 2013 hawakupata faida yoyote ya kuwa marafiki mwaka 2016.

Mambo yakarudi tena. Kuanzia Desemba 2023 askari wetu walikuwa Congo katika kikosi cha SADC kukabiliana na M23, na wapo waliopoteza maisha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema M23 inasaidiwa na Rwanda, na Rwanda inakanusha. Goma ilianguka Januari 2025, na Machi mwaka huo SADC ikaamua kukiondoa kikosi chake. Muda wote huo mizigo ya Rwanda iliendelea kupita Isaka, na nchi zote tatu zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hapana shaka nchi inahitaji majasusi wa kijeshi, na wanahitaji kujua hata mambo ya rafiki. Ila yapo mambo mawili ya kudai. La kwanza, idara hizo ziongozwe na serikali inayowajibika kwa wananchi, zisiwe na biashara zao. La pili, mtu asihukumiwe kwa kabila, lafudhi au kijiji alichozaliwa babu yake. Ashitakiwe kwa ushahidi, mbele ya mahakama. Qur'an katika Surat Hujurat imetuamuru kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na amri hiyo haikusitishwa kwa sababu ya mpaka.

Nasi wa kandokando ya barabara ya Rusumo tusiwe wepesi kunyoosha kidole. Jirani unayemwita jasusi leo, kesho serikali zikipatana atabaki kuwa jirani yako, na atakumbuka.

Wabillahi tawfiq.