Kwa Nini Ndege Hutikisika Mchana?

Wanafunzi wengi huniuliza: ikiwa angani hakuna barabara mbovu, ndege hurukaruka juu ya nini? Swali hili ni jema, na jibu lake limo katika somo letu la jiografia. Natuchukue mfano wa safari ya Dar es Salaam kwenda Unguja. Ni mwendo wa kilometa 70 hivi, na ndege ndogo huumaliza kwa dakika 20 tu.

Kwanza, tazama sufuria ya maji jikoni. Tia punje chache za mchele, kisha washa moto. Maji yakianza kuchemka, utaziona punje zikipanda na kushuka. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Jua huipasha nchi kavu moto upesi kuliko bahari. Hewa iliyo juu ya mahali penye joto huwa nyepesi, ikapanda. Iliyo baridi zaidi hushuka kushika nafasi yake. Ndege ikiingia katika hewa ipandayo huinuliwa; ikiingia katika hewa ishukayo hudidimia. Hapo ndipo abiria husema, "Tumeingia shimoni!" Shimo hakuna. Hewa ipo tele, ila inateremka.

Pili, hewa ikavu ipandayo hupoa kwa nyuzi 10 hivi za sentigredi katika kila mita 1000, mpaka mvuke wake ukageuka wingu. Basi yale mawingu meupe ya mchana, yaliyo kama mafungu ya pamba, ni vichwa vya nguzo za hewa ipandayo. Ndege kubwa za safari ndefu hupaa mita 10,000 na zaidi, zikayaacha chini. Ndege ndogo ya safari fupi haina nafasi ya kupaa hivyo. Hupita chini ya mawingu hayo au katikati yake.

Kwa hiyo msafiri atarajie nini? Asubuhi mapema hewa huwa tulivu kwa kawaida. Jua likipanda, atatikiswa kidogo juu ya mji, atapata utulivu juu ya maji, kisha atatikiswa tena akikaribia kutua. Siku za masika na vuli huweza kutokea mawingu ya radi, ambayo vilele vyake huweza kupita kilometa 15. Hayo rubani huyazunguka, au hungoja yapite.

Je, ndege itavunjika? Kanuni za utengenezaji zataka mwili wa ndege uhimili mara moja na nusu ya nguvu kubwa kabisa inayotarajiwa kuupata safarini. Kwa kawaida hatari haiko katika bawa, bali kwa mtu asiyefunga mkanda. Tarehe 21 Mei 2024, ndege kubwa iliyokuwa ikitoka London kwenda Singapore ilipatwa na msukosuko mkali juu ya Myanmar. Ilishuka mita 54 hivi kwa muda usiofika sekunde 5. Wasiofunga mikanda walirushwa juu. Makumi ya watu waliumia na abiria mmoja akafariki. Lakini ndege yenyewe ilitua salama Bangkok.

Basi, wazazi na wanafunzi, fungeni mikanda tangu kuondoka mpaka kufika, hata mbingu ikiwa nyeupe.

Zoezi: Tazama mawingu juu ya shule saa 1 asubuhi, saa 6 na saa 9 mchana, kwa siku saba. Andika umeona nini, kisha sema ungependa kusafiri saa ngapi, na kwa sababu gani.